Upozaji rafiki kwa mazingira katika ukataji wa metali: maana yake na mipaka yake

Katika kazi ya kukereza, kutoboa na kuchonga metali, upozaji rafiki kwa mazingira ni namna yoyote ya kudhibiti joto na msuguano kwenye ncha ya kisu bila kutegemea mafuriko ya kimiminika chenye mafuta ya petroli na kemikali nyingine, au kwa kukipunguza kimiminika hicho hadi kiasi kidogo mno. Fasili hii ina mtego mmoja, kwa kuwa neno "upozaji" linataja sehemu tu ya kazi yenyewe. Kipozeo, ambacho mafundi wengi hukiita kulanti, hupoza ncha ya kisu na kitu kinachokatwa, hulainisha mahali ambapo vinyoleo, yaani vipande vya metali vinavyonyofolewa, vinasuguana na uso wa kisu, na husukuma vinyoleo hivyo vitoke njiani. Anayetaka kukiondoa kipozeo lazima aeleze kazi zote tatu zitafanywa na nani.

Joto linalozungumziwa si dogo. Karibu nguvu yote inayotumika kukata metali hugeuka joto, na kwenye ncha ya kisu cha kabaidi, yaani mchanganyiko mgumu wa tangsteni na kaboni, halijoto huweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi. Mhandisi Mmarekani Frederick W. Taylor alionyesha, katika majaribio aliyoyaanza miaka ya 1880 na kuyachapisha mwaka 1906, kwamba mkondo mkubwa wa maji ukielekezwa kwenye kinyoleo kinapotoka huruhusu kasi ya kukata iongezwe kwa takriban asilimia 30 hadi 40. Maji matupu, hata hivyo, huleta kutu na hayalainishi. Kwa hiyo viwanda vilizoea mchanganyiko mweupe kama maziwa ambao kwa kawaida una maji asilimia 90 hadi 95, huku sehemu iliyobaki ikiwa mafuta, viunganishi vya mafuta na maji, vizuia kutu na viua bakteria.

Mchanganyiko huo hufanya kazi vizuri, na ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Bakteria huzaliana ndani ya tangi, na mashine ikilala wikiendi nzima bila hewa kuingia kwenye kimiminika, fundi anayefungua karakana Jumatatu asubuhi hupokewa na harufu ya mayai yaliyooza. Ngozi ya mikono hukauka na kupasuka, na ukungu wa matone ya kimiminika hicho unaovutwa siku hadi siku huweza kuleta pumu na uvimbe wa mapafu. Mwaka 1998 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza chembe za ukungu huo zinazoweza kufika kifuani zisizidi miligramu 0.4 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kisha kuna swali la mahali pa kuumwaga mchanganyiko uliochakaa. Palipo na sheria kali hulipiwa na kusafishwa. Pasipo na usimamizi huishia mtaroni, na mtaro huishia mtoni.

Njia iliyo nyepesi kuieleza ni kukata kavu, yaani bila kimiminika chochote. Chuma cha kusubu kimekatwa hivyo tangu zamani, kwa sababu grafiti iliyomo ndani yake hulainisha yenyewe na vinyoleo vyake huvunjika vidogo vidogo. Katika uchongaji ambao meno ya kisu huingia na kutoka kwenye metali mara nyingi kwa sekunde, kumwagia kipozeo huweza hata kuharibu: jino hupashwa moto, hupozwa ghafla, hupashwa tena, hadi kabaidi inapata nyufa. Lakini alumini ikikatwa kavu hunata kwenye ncha ya kisu, na tundu refu likitobolewa kavu hujaa vinyoleo visivyo na wa kuvisukuma nje.

Katikati ya ukavu na mafuriko kuna ulainishaji kwa matone machache, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye faida kubwa kwa karakana za kawaida. Hewa iliyoshinikizwa hubeba matone madogo sana ya mafuta hadi kwenye ncha, ama kwa bomba lililowekwa pembeni au kupitia vijitundu vilivyo ndani ya kisu chenyewe. Mafuta yanayotumika kwa kawaida ni mililita 10 hadi 100 kwa saa, wakati mfumo wa mafuriko huzungusha lita kadhaa kila dakika. Matone hayo hayapozi kwa kiasi kikubwa. Hupunguza msuguano ili joto lenyewe lizaliwe kidogo, na sehemu kubwa ya joto linalobaki huondoka na vinyoleo. Kitu kilichokatwa hutoka karibu kikavu, na vinyoleo vyake vinaweza kwenda kuyeyushwa bila kuoshwa. Hata hivyo matone hayo ni ukungu, na mashine isiyo na kifuniko na kifyonza hewa humhamishia fundi mapafuni taka iliyookolewa mtaroni.

Njia hii ndiyo iliyoyapa nafasi mafuta ya mimea. Molekuli zake zina ncha inayojishika kwenye uso wa metali, ndiyo maana hulainisha vizuri, na majaribio yaliyofanywa India kwa mafuta ya nazi katika ukerezaji wa chuma kisichoshika kutu yalionyesha kisu kikilika polepole kuliko kwa mchanganyiko wa kawaida. Udhaifu wake ni kuoza na kuganda kama gundi yakikaa muda mrefu na hewa na joto. Katika tangi linalozungushwa miezi mingi hilo ni tatizo kubwa, lakini tone linalotumika mara moja na kuondoka halina muda wa kuganda.

Kwa titani na aloi za nikeli matone hayatoshi. Titani hupitisha joto vibaya sana, kwa hiyo badala ya kuondoka na kinyoleo joto hubaki kwenye ncha na kuila. Hapo hutumika nitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri; humwagwa penye ncha, hugeuka gesi na kurudi hewani, ambako tayari nitrojeni ni asilimia 78, bila kuacha doa lolote. Lita moja yake hutoa takriban lita 700 za gesi, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo husukuma oksijeni nje hadi mtu akapoteza fahamu bila kunusa chochote. Tena haipatikani bure, kwani kuigandamiza hadi iwe kimiminika hula umeme mwingi, na kama umeme huo umetokana na makaa ya mawe, moshi umehamia tu kwenye bomba la mtu mwingine. Hesabu kama hiyo inaihusu pia hewa baridi ya bomba la kimbunga, linaloigawa hewa iliyoshinikizwa katika mkondo wa baridi na wa moto, uvumbuzi wa Mfaransa Georges Ranque wa miaka ya 1930: bomba halina sehemu inayozunguka, ila kompresa inayolilisha haipumziki.

Kisu nacho kimo katika hesabu. Kabaidi hutengenezwa kwa tangsteni na kobalti, madini yanayochimbwa na kusafishwa kwa gharama kubwa ya mazingira, hivyo njia inayookoa lita tano za mafuta na kuua visu mara mbili zaidi haistahili kuitwa rafiki. Kwa karakana isiyo na fedha za vifaa vipya, hatua ya kwanza inaweza kuanzia kwenye tangi lililopo: kuondoa mafuta ya mashine yanayoelea juu ili hewa ipenye, kuchuja vinyoleo, na kupima ukolezi wa mchanganyiko kila wiki badala ya kuukisia kwa macho. Tangi linalotunzwa hivyo hudumu muda mrefu zaidi kabla ya kumwagwa.