Waliotoroka kwa Majahazi: Nani Akague Mafunzo ya Pamoja ya Kijeshi?

Hapa Kigoma, ukitaja vita vya ziwani mtu atakuonyesha meli ya MV Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ikarudi kazini 1927. Mimi ninapofundisha ukaguzi wa mafunzo ya pamoja, yaani ya askari wa nchi kavu, majini na anga, huanza na kisa kisichosimuliwa sana, cha mwezi mmoja kabla.

Juni 1916 askari wa Uingereza wa nchi kavu waliiendea ngome ya Wajerumani ya Bismarckburg, Kasanga ya leo, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Boti za kivita za Waingereza ndizo zilizokuwa na uwezo wa kuziba njia ya majini. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipoiona ile ngome akageuza. Wajerumani wakapanda majahazi, wakaondoka zao.

Tusimwite mwoga upesi. Boti hizohizo ziliiteka meli ya Wajerumani ya Kingani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Ungewapima wanamaji peke yao, wangefaulu. Askari wa nchi kavu nao vivyo hivyo. Ufa ulikuwa katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na wa kusahihisha.

Wamarekani waliulipia ufa huo Aprili 1980, walipojaribu kuwaokoa mateka Iran. Helikopta zilikuwa za jeshi la majini, ndege kubwa za jeshi la anga, makomando wa nchi kavu. Kila kundi lilijifua, lakini hawakuwahi kufanya zoezi moja kamili wakiwa wote. Wanajeshi 8 walikufa jangwani. Baada ya uchunguzi, na mjadala wa miaka kadhaa, sheria ya 1986 ikampa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi yao jukumu la kuweka sera ya mafunzo ya pamoja.

Sasa chukua zoezi la medani la kufikirika, la kuokoa watu katikati ya ziwa letu. Ndege inaona chombo, boti inakifuata, walioko ufukweni wanapokea majeruhi. Ikiwa rubani na nahodha hawasikiani redioni, kamandi ya anga itaandika kwamba ndege iliruka kwa wakati, na ya wanamaji itaandika kwamba boti ilifika. Ripoti zote mbili ni za kweli! Dakika arobaini zilizopotea hazimo hata katika moja.

Ndiyo maana mkaguzi wa zoezi la pamoja asitoke katika kamandi inayopimwa, na awe na daftari moja la kasoro za wote: kasoro, wa kuirekebisha, tarehe. Zoezi linalofuata lianzie kwenye daftari hilo, hasa kwa yale yaliyoandikwa kuwa yamerekebishwa. Kasoro iliyojirudia mara mbili ina uzito kuliko kumi mpya. Idadi ya washiriki na gwaride la kufunga ni vya picha tu.

Kwetu, kamandi zote za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ziko chini ya Mkuu wa Majeshi, na Bunge lina kamati yake ya ulinzi na usalama. Yaliyomo katika daftari yanaweza kuwa siri, na mengine lazima yawe. Lakini mbunge anaweza kuuliza, bila kugusa siri yoyote, kama daftari lipo, nani analishika, na ni kasoro ngapi za zoezi lililopita bado ziko wazi.