Kung'oa themostati si dawa ya injini inayochemka

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya wenye magari Kisumu na Nakuru: gari la zamani likichemka, ng'oa themostati (vali ya maji ya kupoza injini) au weka ya nyuzi 71, yaani inayofunguka mapema, maji yakifika nyuzi 71 za Selsiasi, kwa kuwa kwetu kuna joto. Si kweli.

Themostati huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikishafunguka kabisa, kupoza ni kazi ya rejeta, feni na pampu. Rejeta ikiziba, injini itachemka tu, hata ukiweka ya nyuzi 71. Tena injini inayokimbia baridi hula mafuta zaidi, na unyevu hubaki ndani ya oili.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu themostati iliyokwama ikiwa imefungwa ikitolewa, gari hupoa kweli. Basi weka mpya, ya nyuzi zilizotajwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 82 au 88.

Kuipima, ining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Itaanza kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake. (Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, yanatosha.) Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.