Kisomeo cha vitabu pepe hakiunguzi macho

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: msiwanunulie watoto visomeo vya vitabu pepe, kioo chake hutoa mionzi inayounguza macho. Si kweli, na huhitaji maabara kujua hilo.

Kioo cha kisomeo ni cha wino wa kielektroniki, nacho hakiwaki kama cha simu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, vyembamba kama unywele, vyenye chembe nyeupe na nyeusi zinazoelea kwenye majimaji. Chaji ya umeme ikigeuzwa, nyeupe hupanda na nyeusi huzama, au kinyume chake. Ni kama mchele na choroko kwenye ungo: jicho linaona kilichokaa juu. Ukurasa ukishatulia hauli umeme tena, ndiyo maana chaji hudumu hata wiki kadhaa.

Jaribu mwenyewe. Zima taa ya kifaa, ingia chumba chenye giza. Huoni hata herufi moja. Kisha toka nacho nje jua la saa sita. Simu inafifia, kisomeo kinazidi kusomeka, kama gazeti tu.

Mkanganyiko una sababu. Tableti hufanana nacho, na visomeo vingi vina vitaa pembeni vinavyomulika ukurasa. Tena ukisoma saa nyingi unasahau kupepesa, macho yanakauka na kuchoka. Hata kitabu cha karatasi hufanya hivyo (muulize aliyewahi kukesha na riwaya).

Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Aliyekutumia mwalike uani mchana, mshikishe kifaa asome ukurasa mmoja.