Daktari Kujizoeza Akilini kwa Ajili ya Dharura: Maswali na Majibu

Kujizoeza akilini maana yake nini?

Ni kuipitia kazi nzima kichwani, hatua kwa hatua, mikono ikiwa imetulia. Mtu hajiambii tu "nitaweza". Anaona, anasikia, anahisi uzito wa kifaa, na anafuata mpangilio uleule atakaoufuata mbele ya mgonjwa.

Daktari ameshasoma. Kwa nini bado ahitaji haya?

Kwa sababu kujua ni jambo moja, na kukumbuka ukiwa na hofu ni jingine. Adrenalini, homoni ya hofu na mshtuko, ikipanda, macho hung'ang'ania kitu kimoja, sauti za wenzako hazisikiki, na akili hushindwa kushika mambo mengi kwa pamoja. Hatua iliyorudiwa mara nyingi huja yenyewe. Tena ziko dharura za nadra mno: daktari anaweza kukaa kazini miaka bila kukutana na mgonjwa wa kutobolewa koo ili apumue, halafu siku akikutana naye ana dakika chache tu.

Kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo. Mwaka 1994 watafiti Driskell, Copper na Moran walichambua kwa pamoja tafiti nyingi za fani mbalimbali. Waliona kwamba kujizoeza akilini kunaboresha utendaji, ingawa si kwa kiwango cha mazoezi ya mikono. Dakika 20 hivi zilitosha, na faida ilififia kadiri siku zilivyopita, kwa hiyo ni lazima kurudia.

Inafanywaje?

Tuchukue hilo la kutoboa koo. Kaa mahali tulivu, au bora zaidi, simama palepale mgonjwa anapolazwa, na glavu ukizivaa. Vuta pumzi taratibu mara kadhaa. Sasa mwone mgonjwa: mipira ya kupumulia imeshindwa kuingia kooni, barakoa haipitishi hewa, mlio wa mashine inayopima oksijeni ya damu unazidi kushuka. Sema kwa sauti: "Hatuwezi kumpa hewa. Natoboa koo sasa." Maneno hayo yazoee kinywani, maana wengi hukwama hapo, kwenye kukiri, kabla hata ya kushika kisu.

Mkono mmoja unashikilia zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kidole kinatafuta utando ulio chini ya kikoromeo, ile sehemu ngumu inayotokeza mbele ya shingo. Kisu namba 10 kinaingia kwa kukata kukingama, kisha unakigeuza makali yaelekee miguuni. Ujiti laini wa kuongozea unateleza kando ya kisu hadi ndani. Mpira wa kupumulia namba 6 unapita juu yake, puto lake dogo linajazwa hewa, na unatazama kama kaboni dioksidi inatoka. Kila hatua ichukue muda wake halisi. Ukiona umekwama, umelijua pengo lako: rudi kwenye kitabu au kwa mwalimu.

Je, nifikirie mambo yakiharibika?

Ndiyo, na hapa wengi hukosea. Anayewaza kazi inayokwenda sawa tu hushtuka damu ya kwanza inapofunika shingo. Iwaze damu, uwaze na utando usioonekana kwa macho, kidole kikiutafuta kwa kugusa. Ila usiishie kwenye kushindwa. Kila hitilafu iende na jibu lake hadi mgonjwa apate hewa, kwa kuwa ukirudia picha ya kushindwa unajizoeza kushindwa.

Anayeanza kabisa anaweza kutumia njia hii?

Kwanza ashike vifaa na asahihishwe na mwalimu kwenye mwanasesere wa mafunzo. Kosa linalorudiwa akilini nalo hukomaa.

Na mgonjwa akiwa njiani, zimebaki dakika mbili?

Zinatosha kupitia mambo matatu ya kwanza utakayoyafanya, na kuwatajia wenzako kwa majina: nani anakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, nani anashughulikia njia ya hewa, nani anatunza saa. Mwombe kila mmoja arudie alichosikia.