Jengo lenye uwazi katikati: dhana potofu kuhusu moto na moshi

Asubuhi ya Julai, simama mlango wa chini wa ghorofa la kisasa Mbeya mjini, lenye uwazi katikati na paa la kioo. Pazia la mlango linavutwa kuingia ndani. Kitunguu kinachokaangwa mgahawani chini kinanukia mpaka ghorofa ya nne. Nje ni baridi, ndani hewa ina joto. Hewa ya joto ni nyepesi, inapanda, na ile baridi inaingia chini kushika nafasi yake. Uwazi ule ni dohani. Siku ya moto, moshi utapita njia ileile ya kitunguu.

Kwa hiyo dhana inayonitisha kuliko zote ni hii: "Moto uko chini, sisi wa juu tuko salama." Novemba 21, 1980, katika hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, moto uliwaka sehemu za chini. Moshi ulipata ngazi na mashimo ya lifti, ukapanda. Walikufa watu 85, wengi kwa moshi, na wengi walikuwa ghorofa za juu.

"Lakini kuna kitambua moshi pale kwenye paa." Hakitoshi. Moshi ukipanda unachanganyika na hewa, unapoa. Mchana jua limeshapasha hewa iliyo chini ya kioo, na moshi uliopoa hauwezi kuipenya. Unasimama katikati na kutanda kwenye korido za ghorofa ya tatu, king'ora kule juu kiko kimya. Uwazi mrefu unahitaji vitambuzi vya miale, yaani vinavyorusha mwale wa mwanga kuvuka uwazi na kushtuka moshi ukiuziba, vinavyofungwa ukutani, katika vimo tofauti. Vinyunyizio vya maji navyo, ambavyo vingi hufunguka kwa nyuzi 68 za Selsiasi, vikiwa juu sana joto huvifikia kwa kuchelewa, au lisivifikie kabisa.

Lifti si njia ya kukimbilia. Hilo halina mjadala.

"Fungueni milango yote moshi utoke!" Feni za kutoa moshi zinahitaji kweli hewa safi ya kuingia chini, tena taratibu, isizidi kama mita 1 kwa sekunde inapofika kwenye moto, la sivyo inauvuruga moshi. Ila mlango wa ngazi ufungwe. Katika jengo moja ninaloingia mara kwa mara, mlango huo umewekewa jiwe usijifunge. Nimeliondoa mara mbili kwa mkono wangu. Nikirudi, nalikuta palepale.