Tairi la Theluji Tegeta: Kuchagua Matairi ya Gari la Spoti kwa Bei Nafuu Dar es Salaam

Mwezi Machi, siku mbili baada ya masika kuanza, kijana mmoja alileta Subaru Impreza WRX kwenye karakana ya chuo ninachofundisha ufundi wa magari. Bampa la mbele lilikuwa linaning'inia upande mmoja. "Mwalimu, naomba mniangalizie breki," akasema. "Nimekanyaga pale Tegeta, mbele daladala imesimama, gari likateleza kama limepakwa sabuni."

Tulipima breki, tukakuta nzima: diski, pedi, hata mafuta yake yalikuwa masafi. Aliyegundua tatizo ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyeinama kwenye ubavu wa tairi na kuuliza ile alama ya mlima wenye nyota ina maana gani. Haikuwa nyota. Ilikuwa chembe ya theluji, na kando yake kulikuwa na neno STUDLESS. Kijana alikuwa ameuziwa matairi manne ya theluji, mtumba wa Japani, akayapenda kwa sababu kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zilikuwa nene kama mpya. Katika nchi hii theluji iko kileleni Kilimanjaro, na huko hakuna barabara ya Subaru.

Wenye magari ya spoti hapa mjini, wa Altezza, Toyota 86, Golf GTI na Subaru za tabo, huniuliza swali moja: tairi gani ni kali na bei yake inavumilika? Wengi wakisema kali wanawaza spidi. Lakini ndani ya mji sheria inakupa kilomita 50 kwa saa, na foleni ya Mandela haikupi hata hizo. Kwa gari unalokwenda nalo kazini kila siku, mimi naangalia kwanza namna tairi linavyoshika lami iliyolowa, kisha namna linavyovumilia joto na mashimo. Mengine yote yanafuata nyuma.

Mpira wa tairi haufanani na mwingine. Ule wa tairi la theluji umechanganywa usikakamae hata baridi ikishuka chini ya nyuzi joto 7. Ukiuleta Dar, ambako mchana wa Februari hewa hupita nyuzi 30 na lami huwa ya moto kuliko hewa, unalainika kupita kiasi. Isitoshe, kashata zake zimechanjwa mistari midogo mingi ya kung'ata theluji, kwa hiyo ukikanyaga breki vile vipande vinalala na kuyumba. Gari linachelewa kusimama, usukani unachelewa kuitika, na tairi lenyewe linaisha upesi. Tairi la kiangazi limetengenezwa kinyume chake: mpira unaohimili joto, kashata za vipande vikubwa vilivyoshikana, mifereji mipana ya kutoa maji. Ndani ya mpira huo huchanganywa silika, ambayo husaidia tairi kung'ang'ania lami yenye maji. Huko kwenye baridi watu wananunua seti mbili, ya kiangazi na ya theluji, na kuzibadilisha kila mwaka. Sisi gharama hiyo Mungu ametuondolea.

Kwa hiyo ukifika Kariakoo au kwa muuzaji yeyote, angalia ubavu wa tairi kabla ya kuangalia bei. Ukiona mlima wenye chembe ya theluji, au neno STUDLESS, rudisha. Herufi M+S peke yake, zinazomaanisha tope na theluji, si kosa kubwa. Mara nyingi ni tairi la misimu yote, linalofaa gari la familia lakini lisilo na wepesi wa kona ambao mwenye gari la spoti alilipia.

Sasa tusome namba. Chukua 225/45R17 94W. Tairi lina upana wa milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni inchi 17. Namba 94 ni uzito ambao tairi linaweza kubeba, kilo 670 kwa tairi moja. W ni mwendo ambao tairi linahimili, kilomita 270 kwa saa. V ni 240 na H ni 210. Utauliza, nani atakimbia 270 Barabara ya Nyerere? Hakuna, na asijaribu. Herufi hiyo inaeleza pia uwezo wa tairi kuhimili joto linalozaliwa ndani yake, ndiyo maana sikushauri ushuke chini ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kupanda juu yake hakuna madhara zaidi ya bei.

Hapa kwenye rimu ndipo pesa nyingi zinapotea, nami nina ugomvi wa muda mrefu na vijana. Mtu ananunua gari lenye rimu za inchi 16 au 17, wiki ya pili amepachika za 18 kwa ajili ya muonekano. Piga hesabu. Tairi la 225/40R18 lina ubavu wa milimita 90. Lile la 225/45R17 lina milimita 101. Ukishuka hadi 205/55R16 unapata karibu 113, na matairi yote matatu kimo chake kizima kinakaribiana sana, kati ya milimita 632 na 637, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Kilichobadilika ni nafasi ya mpira kati ya rimu yako na shimo la mtaa wa Sinza. Ubavu mfupi ukigonga ukingo wa shimo, nyuzi za ndani zinabanwa kati ya lami na rimu na kukatika. Kesho yake unaona nundu ubavuni, na tairi lenye nundu halina tiba, hata kama mtu wa pancha ataapa kwamba analo dawa. Wakati huohuo, tairi la inchi 16 kwa kawaida ni rahisi kuliko la 18 la aina ileile.

Toyota wenyewe walipotoa ile 86 mwaka 2012, toleo la chini lilikuja na 205/55R16 na la juu 215/45R17. Kwenye hizo za 17 walifunga Michelin Primacy HP, tairi la utulivu kuliko la mashindano. Gari lilisifiwa dunia nzima kwa raha ya kuendesha, likiwa na matairi ambayo vijana wetu wangeyadharau. Kwa hiyo kama breki zako zinapita ndani ya rimu ndogo (hili lipimwe, kwa sababu kalipa kubwa, zile zinazobana pedi kwenye diski, za magari mengine hazipiti), kurudi inchi moja chini ndiyo punguzo la kwanza la bei, na hulipati kwa kubembeleza muuzaji.

Punguzo la pili liko kwenye daraja la kati. Juu kabisa wapo Michelin na Pilot Sport, Bridgestone na Potenza, Continental na SportContact. Ni matairi bora, sibishani. Lakini wapo wengine wanaotengeneza tairi la kiangazi la magari yenye nguvu kwa bei ya chini zaidi: Hankook na familia yao ya Ventus, Kumho na Ecsta, Falken na Azenis, Toyo na Proxes. Mimi ningechukua jipya la daraja hili kabla ya mtumba wa daraja la juu, na nasema hivyo nikiwa na wateja wengi walionikasirikia kwa kauli hiyo. Ndani ya kila familia kuna matairi ya viwango tofauti, kwa hiyo usinunue jina tupu.

Utayatofautishaje? Tafuta ubavuni neno TREADWEAR, yaani uvumilivu wa kashata kuisha, linalowekwa kwa ajili ya soko la Marekani. Namba ya 200 au chini yake ni tairi linalong'ata sana na kuisha haraka, la watu wa mashindano. Matairi mengi ya kiangazi ya spoti huwa kwenye 300 na kitu. Ukifika 500 umeshaingia kwenye matairi ya safari ndefu na starehe. Kwa gari la kila siku Dar mimi huanzia 300 na kupanda kidogo. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo 320 ya huyu na 340 ya yule zisikunyime usingizi. Karibu yake kuna TRACTION: chukua AA au A. Kipimo hicho hufanywa kwa breki za moja kwa moja kwenye njia iliyolowa. Kona haimo kwenye mtihani. Na TEMPERATURE iwe A, kwa sababu ya jua letu.

Matairi yanayokwenda Ulaya huwa na lebo ya karatasi yenye picha ya wingu la mvua na herufi ya kuonyesha tairi linavyosimama kwenye lami iliyolowa. Lebo hiyo ilianza mwaka 2012, ikaboreshwa 2021, na sasa inatoka A hadi E. Kwenye ile ya kwanza, tofauti kati ya A na F kwa gari linalofunga breki likiwa kilomita 80 kwa saa ilikadiriwa kufika mita 18. Panga Subaru nne moja nyuma ya nyingine, ndiyo mita hizo. Ukiikuta lebo, isome kabla muuzaji hajaibandua.

Bei ya dukani nayo si bei yote. Tuseme tairi moja linauzwa shilingi 180,000 na linakwenda kilomita 20,000, jingine 260,000 na linakwenda 40,000. La kwanza limekula shilingi 9 kwa kila kilomita, la pili 6 na senti 50.

Kuhusu mtumba nitasema kwa kifupi. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, na tairi lililoanikwa juani mbele ya duka linazeeka upesi zaidi. Likipita miaka 5, lichunguzwe kila mwaka; likifika 10 litupwe, hata kama kashata zimejaa. Pitisha kidole ndani ya mifereji uone kama kuna nyufa, na kama kashata zimechongwa upya kwa kisu. Rangi nyeusi inayong'aa ni kipolishi, haina habari yoyote ya kukupa.

Kipimo cha kashata mnakijua: vile vinundu ndani ya mfereji vimewekwa kwenye milimita 1.6, tairi likifika hapo ni kipara. Kwa masika yetu mimi nabadilisha kwenye milimita 3, kwa sababu mfereji wa chini ya hapo hauna pa kupeleka maji yale yanayotuama Jangwani.

Upepo nao una kazi kwenye maji. Miaka ya 1960 NASA walitoa kanuni ya matairi ya ndege, kwamba kadiri upepo unavyopungua ndivyo tairi linavyoanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo. Ukiitumia kwa gari, kama makadirio tu, upepo wa PSI 32 unakupa karibu kilomita 94 kwa saa kabla tairi halijaanza kuelea. Ukiacha ushuke hadi 24 unabaki na 82. Na tairi pana huelea mapema kuliko jembamba. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, fuata namba ya kibandiko cha mlangoni. Ile iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kiwango cha juu kabisa, na kuna vijana wa kujaza upepo wanaoitumia kama ndiyo ya kawaida.

Kijana wa Subaru alikuwa na pesa ya matairi mawili tu. Gari linalovuta magurudumu mawili ningemwambia anunue mawili na ayafunge nyuma, hata kama injini inavuta mbele, kwa sababu mkia ukiteleza kwenye mvua dereva wa kawaida haurudishi. Lakini WRX inavuta yote manne, na matairi yakipishana kimo difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote, inapata moto na kufa. Bei yake inazidi seti nzima ya matairi. Akaliacha gari uani kwetu wiki tatu, akawa anakwenda kazini kwa daladala hadi alipopata pesa ya mawili yaliyobaki.