Upendo Usiopita kwenye Mzani

Msimu wa korosho ukianza huku kusini mwa Tanzania, kuanzia Oktoba hivi, hata mtoto anajua kwamba kila kitu kina daraja. Mkulima anafikisha magunia yake kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, karani anachota kiganja cha korosho, anaziangalia kama zimekauka, kama zimechanganyika na mawe au zilizooza, kisha anatoa neno: hizi daraja la kwanza, hizi la pili, hizi rudi nazo ukazianike upya. Anayerudishwa atanung'unika njiani, lakini moyoni anajua karani yuko sahihi. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 tumeuzoea mzani huo, na kwa korosho ni mzani mzuri.

Shida inaanza tunapoubeba na kuuingiza kanisani.

Ninafundisha Maandiko katika chuo cha kanisa hapa Masasi, na sehemu ya kazi yangu ni kuzunguka vijijini na wanafunzi wangu. Nikikutana na mtu aliyebatizwa lakini ana miaka hajakanyaga kanisani, jibu ni lile lile, kuanzia Newala mpaka Nachingwea: "Mwalimu, ngoja kwanza nijirekebishe." Huyu anaishi na mwenzake bila ndoa. Yule uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, umemshika tangu mabibo yaanze kudondoka. Dada mwingine alipata mimba nyumbani kwao, akaondolewa kwenye kwaya, na mtoto sasa anasoma darasa la tano. Wote wanataka wajianike kwanza, wakauke, ndipo wajipeleke ghalani. Wanasema hivyo kwa unyenyekevu wa kweli, nami nauheshimu. Ila mafundisho ya Kikristo yanaupanga mwendo huu kinyume chake kabisa, na tukishindwa kulieleza hilo kwa watu wetu tumeshindwa kazi yenyewe.

Tuanze na Paulo. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5 aya ya 8, anaandika kwamba Mungu aonyesha pendo lake mwenyewe kwetu sisi, "kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Liangalie neno "tungali". Halisemi tulipokwisha kutubu, wala tulipoanza kuonyesha dalili. Aya ya 6 inasema tulipokuwa hatuna nguvu, na aya ya 10 inakwenda mbali zaidi: tulipokuwa adui. Paulo alijua anachokiandika, maana yeye mwenyewe alikuwa njiani kwenda Dameski kuwakamata wafuasi wa Yesu alipoitwa kwa jina. Hakuwa amejirekebisha. Alikuwa na barua za kukamatia watu.

Neno tunalolitumia kwa jambo hili ni neema, na hapa Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza kidogo. Mtaani neema ni shibe: mvua imenyesha vizuri, korosho zimepata bei, ndoa imefungwa, bati limeezekwa. Tunasema "mwaka huu ni wa neema." Si kosa, lakini ukilichukua neno hilo na maana hiyo peke yake ukaingia nalo kwenye Biblia, utatoka na imani ya ajabu: bei ikipanda Mungu amenipenda, mikorosho ikipata ugonjwa wa ubwiri Mungu amenichukia. Yesu alilikataza wazo hilo katika Mathayo 5:45. Baba wa mbinguni huwaangazia jua lake waovu na wema, huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Shamba la mlevi na shamba la mzee wa kanisa hunyeshewa mvua ile ile. Katika mafundisho ya Kikristo neema ni hisani ya Mungu kwa asiyeistahili, iwe ghala limejaa au tupu.

Tuna methali nyingi za nipe nikupe. Mkono mtupu haulambwi, tunasema, na katika mambo ya dunia ni kweli tupu. Ukienda kuomba kazi bila chochote mkononi utaisikia methali hiyo usoni mwa mtu hata kabla hajafungua kinywa. Lakini tunayo pia ile ya wazee kwamba mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Hiyo ya pili ndiyo inayokaribia Injili. Mama hamsafishi mtoto ili apate kumpenda. Anamsafisha kwa kuwa anampenda, na kiganja kinabaki mahali pake.

Agano la Kale nalo limejaa jambo hili, tofauti na wanavyodhani wengi kwamba huko ni hasira tu na Agano Jipya ndilo la upendo. Zaburi ya 136 inarudia mara 26 kwamba fadhili za Mungu ni za milele, na inautaja hata unyonge wa watu walioziona fadhili hizo. Nabii Hosea aliambiwa ampende tena mke aliyekwenda kwa wanaume wengine. Sura ya 3 inasema alimnunua kwa vipande kumi na vitano vya fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Soma hapo taratibu. Mume analipa ili ampate mke aliyekuwa tayari ni wake.

Kulipa ili urudishiwe kilicho chako, sisi tunaita kukomboa. Ukiweka baiskeli rehani, siku ukipata pesa unaikomboa. Na hapa kusini neno hilo lina uzito wa pekee. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa bandari za biashara ya watumwa katika karne ya 19. Babu zetu Wayao, Wamakua, Wamakonde na watu wa Nyasa walipitishwa kwenye njia hizi hizi tunazopita na bodaboda. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alitoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, nia ikiwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi, chini ya haya majabali tunayoyaona kila asubuhi, wakaweka makazi. Kanisa la Masasi limeanzia hapo, kwa watu ambao siku ile minyororo ilipokatwa hawakuwa wamefanya lolote la kujipatia uhuru. Wamisionari walikuwa wanadamu na walikosea mengi, kwa hiyo siwafananishi na Mungu. Nasema tu kwamba tunapoimba "Mkombozi" katika mji huu, tunaimba neno ambalo waanzilishi wa usharika wetu walilijua kwa miili yao. Walikuwa huru kwanza. Kusoma, katekisimu, ubatizo, kujenga nyumba, hayo yote yalikuja baada ya uhuru.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili ni ile ya vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, na ndiyo inayowaudhi zaidi wanafunzi wangu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu saa za Biblia ni saa zetu: mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta watu, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mara ya mwisho saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja! Jua limebakiza saa moja kuzama. Wewe uliyewahi kutafuta vibarua wa kupalilia mikorosho unajua ni akina nani hubaki kijiweni mpaka saa hiyo. Wenye nguvu walichukuliwa asubuhi. Wamebaki wazee, mwenye mguu mbovu, kijana anayejulikana kwa wizi, na yule ambaye kila mtu anasema atalewa kabla ya adhuhuri. Mwenye shamba anawauliza kwa nini mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Anawapeleka shambani.

Jioni wote wanapewa dinari moja, na wa mwisho ndio wanaolipwa kwanza. Dinari ilikuwa ujira wa kutwa, yaani unga wa nyumba moja kwa siku moja. Angewapa waliofika saa kumi na moja ujira wa saa moja, watoto wao wangelala na njaa, kwa sababu tumbo la mtoto halijui baba yake aliajiriwa saa ngapi. Walioanza alfajiri wanakasirika, na mwenye shamba anamuuliza mmoja wao, je, jicho lako limekuwa ovu kwa sababu mimi ni mwema? Hilo jicho ovu sisi tunaliita kijicho. Kila mwaka darasani mwanafunzi fulani husema kwa sauti, "Lakini Mwalimu, huu si uonevu?" Namjibu: hakuna aliyepunjwa. Wa alfajiri alipata kile walichokubaliana. Kinachomuuma ni kwamba mwenzake amepewa. Sisi tuliokulia kanisani, tulioimba tangu shule ya Jumapili, ndio hasa wa alfajiri, na kijicho hicho kinatukaa bila sisi kukijua. Yule dada wa kwaya hakufukuzwa na Mungu.

Hoja hii imepiganiwa ndani ya Kanisa kwa karne nyingi, na moja ya vita vyake vikubwa ilikuwa hapa Afrika. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria, alibishana na mafundisho ya Pelagio aliyeamini kwamba mwanadamu anaweza kuanza mwenyewe safari ya wema kwa nguvu zake. Augustino alishikilia kwamba hata ile hamu ya kurudi ni kipawa. Maaskofu wa Afrika waliokutana Kartago mwaka 418 walikuwa upande wake. Karne ya 16 Ulaya iligawanyika kwa sababu ya swali la jirani na hilo, mwanadamu anahesabiwaje haki mbele za Mungu, na mgawanyiko huo ukasafiri hadi kwetu. Kwa hiyo ni habari njema kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, si kwa sifa yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Mkatoliki wa Ndanda na Mlutheri wa Mtwara mjini wanaweza kutofautiana kwa mengine, lakini hapa wanasema kitu kimoja.

Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi katika pwani yetu, huanza kila jambo kwa jina la Mungu mwingi wa rehema. Sikuandika haya kushindana nao. Naeleza tu Wakristo wanaamini nini, na kwa nini msalaba ndio mahali wanapoutazama upendo huo.

Sasa swali zito, ambalo mara nyingi huulizwa na akina mama. Kama Mungu anampenda asiyestahili bila masharti, je, mume anayenipiga asamehewe tu mambo yaishe? Je, aliyemharibu binti yangu tuketi naye kifamilia, atoe mbuzi, tumwombee?

Hasha. Ndilo neno la Paulo mwenyewe katika Warumi 6, alipojiuliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi. Barua kwa Tito inasema neema hiyo hiyo hutufundisha kukataa ubaya. Mtazame Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake akiwa bado mtoza ushuru mwenye mali ya dhuluma, upendo ulitangulia. Lakini Zakayo alipousikia alisimama akasema atawarudishia aliowadhulumu mara nne, tena mbele ya watu. Mungu kumpenda mkosaji hakumwondolei mkosaji deni kwa aliyemkosea, wala hakufuti sheria ya nchi. Mtoto aliyedhulumiwa anapelekwa hospitali na kesi inapelekwa polisi, hata kama mtuhumiwa ni mwimbaji au kiongozi wa jumuiya. Mchungaji anaweza kumtembelea mtu huyo gerezani na kumwambia kwa ukweli wote kwamba Mungu anampenda. Atamwambia akiwa humo humo gerezani. Anayelitumia neno neema kumnyamazisha mama aliyeumizwa amechukua cha Mungu akakifanya rungu.

Na kwa wale wa "ngoja kwanza," mambo machache ya kutumia. Katika Kanisa Katoliki mlango wa kurudi ni kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, na hakina malipo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inataka wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kama unadaiwa michango ya jumuiya na unaona haya, mwone paroko umweleze, usijifiche. Kwa Waanglikana na Walutheri kuna ungamo la pamoja ndani ya ibada yenyewe, kwa hiyo unafika ulivyo, unaungama pamoja na wote, askofu akiwepo naye anaungama. Kama ndoa yako haijakaa sawa, kuna taratibu za kuiweka sawa, na nyingine huchukua muda, huenda ukasubiri kabla ya kushiriki meza ya Bwana. Kusubiri huko kunafanyika ukiwa ndani, umekaa kwenye benchi na wenzako, mtoto mapajani.

Mwaka jana mzee mmoja wa uraka, baada ya mazungumzo marefu chini ya mkorosho wake, aliniuliza avae nini Jumapili, maana shati alilo nalo ni hilo hilo la shambani lenye madoa ya mabibo, na madoa ya mabibo hayatoki. Nikamwambia avae hilo.